Nataka kufunga kizazi bila mume wangu kujua

Shangazi, shikamoo.

Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia. Leo nimeshika simu wote wamelala, kwa hiyo nisamehe nikiruka huku na kule.

Nina miaka 29. Nimeolewa, nina watoto wawili na wa tatu yuko tumboni, anakaribia miezi minane. Wawili wa kwanza niliwazaa kwa kisu. Kwa wa kwanza uchungu ulikaa sana hadi mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka, nikakimbizwa chumba cha upasuaji. Wa pili upasuaji ulikuwa wa kupangwa, lakini baadaye nilitoka damu nyingi hadi nikaongezewa. Nakumbuka nilivyosikia baridi, meno yanagongana, na wauguzi wanaongea juu yangu kana kwamba sipo. Huyu naye tarehe ya kisu imeshapangwa, zimebaki wiki chache.

Kliniki iliyopita daktari aliangalia picha ya ultrasaundi akasema kondo limekaa mahali pazuri, lakini hangependa kuniona pale mara ya nne. Akaniuliza kama anifunge kizazi palepale akishamtoa mtoto, maana tumbo litakuwa wazi tayari na ni kazi ya dakika chache. Nikaitikia kwa kichwa. Muuguzi akanipa fomu ya ridhaa niende nikaisome nyumbani. Nimeikunja nikaichomeka ndani ya kadi ya kliniki, na kadi nimeificha chini ya nguo za mtoto.

Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi. Anawaogesha watoto, akiamka usiku haniamshi. Tatizo ni hili moja tu. Kwao alizaliwa peke yake, na tangu tukiwa wachumba alikuwa akisema anataka watoto watano, nyumba ijae kelele. Nikimwambia huyu atakuwa wa mwisho, hakatai wala hakubali. Anasema "tutaona". Nikimuuliza tutaona nini, anasema "we zaa kwanza salama". Basi mimi napandwa na hasira, tunanuniana siku mbili, halafu maisha yanaendelea. Kuna siku nilimwambia kama ni hivyo aende yeye akafungwe. Akacheka, akasema, "Unataka kunihasi?" Akatoka nje.

Njia nyingine nimezijaribu. Vidonge nilikuwa nasahau, na huyu aliye tumboni ni matokeo ya kusahau huko. Sindano ya miezi mitatu ilinifanya nitoke matone ya damu karibu kila siku. Kitanzi sijawahi, nasikia kinapotelea tumboni.

Sasa nimeamua hivi: nitasaini, nitafungwa, na sitamwambia. Kidonda ni kilekile kimoja, nani atajua? Mimba isipoingia nitasema Mungu hajapenda. Nimechoka kubishana, Shangazi. Nataka jambo hili liishe siku hiyohiyo.

Wifi yangu (hajui mpango wangu, tulikuwa tunaongea ya watu) anasema mwanamke akifunga ananenepa, hedhi inakata, na kitandani anakuwa baridi. Ni kweli? Na je, nikimficha mume wangu nitakuwa nimemkosea?

Nikiri na hili moja. Wakati mwingine nikimwogesha yule mdogo nawaza, labda baadaye sana, hawa wakishakua. Halafu wazo linapita.

Mama Wawili na Nusu

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako yote, kisha nikairudia mistari miwili tu. Mmoja ni ule unaosema umechoka kubishana. Mwingine ni ule wa mwisho, ulioupa jina la kukiri. Kwangu mimi jibu lako liko kati ya hiyo mistari miwili, na nitafika huko. Lakini kwanza nikupe haki yako pale ulipo na haki.

Sababu yako ya kutaka kuacha kuzaa ni nzito, si uvivu wala ukaidi. Kila upasuaji unaacha kovu kwenye mfuko wa uzazi, na kondo la mimba inayofuata likiangukia juu ya kovu linaweza kujichimbia ndani ya nyama likagoma kutoka mtoto akishazaliwa. Hapo ndipo damu inapomwagika hadi madaktari walazimike kuutoa mfuko wenyewe ili mama apone. Uwezekano wa hilo hupanda kadiri visu vinavyoongezeka, na hupanda sana kama kondo limekaa chini likafunika mlango wa kizazi. Ndiyo maana daktari wako alilitazama kondo kwanza kabla ya kusema lolote. Mtu aliyewahi kuongezewa damu akiambiwa "nisikuone mara ya nne" anastahili kuyachukua maneno hayo kwa uzito, na mume wake pia anastahili kuyasikia. Kwa kadiri ninavyoona, hajayasikia. Amesikia tu kwamba mkewe hataki.

Ila angalia alichosema daktari na alichokuuliza. Alisema usibebe mimba ya nne. Akauliza akufunge. Wewe umeyachukua kama jambo moja, na mimi nayaona mawili. Kutobeba mimba kwa miaka kumi ijayo kuna njia kadhaa za uhakika. Kufunga kizazi ni njia mojawapo kati ya hizo, na ndiyo pekee isiyo na mlango wa kurudi.

Nikueleze kinachofanyika, maana "dakika chache" ni kweli lakini haielezi kitu. Yai la mwanamke hutoka kwenye ovari, likapita kwenye mrija kuelekea kwenye mfuko wa uzazi, na humo mrijani ndimo mbegu za mume hukutana nalo. Daktari akishamtoa mtoto na kondo, anaivuta mirija yako miwili na kukata kipande cha kila mmoja na kuufunga, au anaitoa yote. Siku hizi wengi wanapendelea kuitoa yote, kwa sababu imeonekana saratani nyingi za ovari huanzia kwenye mirija. Muulize wako anafanya lipi. Tofauti hiyo inakuhusu: mrija uliokatwa kipande huweza, kwa bahati na kwa upasuaji mwingine mgumu, kuunganishwa. Mrija uliotolewa hauunganishwi na mtu yeyote. Hapo ukitaka mtoto inabaki kuchukua yai, kulirutubisha maabara na kulirudisha tumboni, kazi ya gharama kubwa ambayo mara nyingi haishiki.

Ya wifi yako nitayapitia haraka. Ovari hazijaguswa, homoni zako zinabaki zilivyo, hedhi inaendelea hadi umri wake wa kukoma ufike, na hamu ya tendo haikai kwenye mirija. Maziwa ya mtoto hayapungui. Kinachowachanganya watu ni kwamba mwanamke aliyekuwa kwenye vidonge, ambavyo hupunguza damu na maumivu, akishafunga anaviacha, kisha hedhi yake ya asili inarudi na uzito wake wa zamani, na yeye anasema upasuaji ndio ulioiharibu. Unene nao huja na umri na kulala vipande vipande, ambavyo mama wa watoto watatu hakosi. Mwambie wifi siku moja mkiongea tena ya watu.

La kuongeza ambalo hukuuliza: kufunga si asilimia mia. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliofunga kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ulionyesha kwamba katika miaka 10 walioshika mimba walikuwa kama 18 katika kila 1,000. Waliofungwa mara baada ya kujifungua walikuwa wachache zaidi, chini ya 8 katika 1,000. Ni wachache sana, lakini mimba moja kati ya tatu hivi katika hizo ilitunga nje ya mfuko wa uzazi, na mimba ya namna hiyo inaua isipowahiwa. Sasa fikiria wewe umefungwa kwa siri, hedhi inachelewa, unashikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, na mtu wa kukukimbiza hospitali hajui kwamba kuna neno la kumwambia daktari. Siri hii ina sehemu za kiafya ambazo pengine hukuzihesabu.

Utafiti huohuo ndio unaonifanya nikushike mkono kidogo. Waliulizwa, miaka ikipita, kama wanajuta. Waliokuwa na zaidi ya miaka 30 siku ya kufungwa, waliojuta ndani ya miaka 14 walikuwa kama asilimia 6. Waliokuwa na miaka 30 au chini yake, asilimia 20. Wewe una 29. Sikutishi: asilimia 20 maana yake wanne kati ya watano hawakujuta, na wapo wa miaka 25 wanaojua kabisa wamemaliza na wako sahihi. Ilionekana pia kwamba majuto yalipungua kadiri mtoto wa mwisho alivyokuwa ameshakua siku mama anafungwa, na wewe wako atakuwa na umri wa dakika tano.

Na kuna namba iliyonigusa kuliko zote nilipoisoma barua yako. Wanawake waliosema walikuwa na ugomvi mkubwa na waume zao kabla ya kufunga walijuta zaidi ya mara tatu ya wale waliokuwa wamepatana. Walioomba kurudishiwa uzazi walikuwa zaidi ya mara tano. Sababu za majuto zinafahamika: ndoa kuvunjika na kuanza upya na mtu mwingine, mtoto kufariki (Mungu apishe mbali, lakini swali hili hukwepeki), au kugundua kwamba uliamua ukiwa na hasira na hasira imekwisha. Kwa hiyo jiulize swali ambalo kila mshauri mzuri wa uzazi wa mpango atakuuliza: kama mojawapo ya haya lisingekuwa lilivyo, mume huyu au watoto hawa, ungetaka kuzaa tena? Ukijibu "hapana, hata hivyo hapana", hiyo ni hapana ya mtu aliyemaliza. Ukijibu kwa kumwogesha mdogo na kuwaza "labda baadaye sana", mwanangu, hiyo si hapana.

Nadhani unachotaka kimalizike ni mabishano. Upasuaji unamaliza uzazi, mabishano unayaacha palepale. Yataendelea, tena yakiwa na upande mmoja tu unaojua ukweli. Huyu bwana ataendelea kusema tutaona. Mwaka wa pili ataanza kuuliza. Mwaka wa tatu atasema twende tukapime, na huenda akaanza kupima yeye, akidhani tatizo ni lake. Utakaa naye kwenye benchi la hospitali ukimtazama akisubiri majibu ya kipimo ambacho wewe unajua hakihitajiki? Unasema utamwambia kwamba Mungu hajapenda. Mwanamume anayeamka usiku bila kukuamsha, nadhani uongo huo utakuchoma wewe kabla ya yeye.

Tena siri yenyewe haina kufuli. Karatasi ya ruhusa ya hospitali huandika kila kilichofanyika, kwa lugha ya madaktari lakini huandika. Muuguzi wa zamu ya usiku atakuja kitandani na kusema "wewe si ndiye uliyefungwa?" huku mumeo ameshika beseni. Hana nia mbaya, ana kazi nyingi tu.

Umeuliza kama utakuwa umemkosea. Nitakujibu kwa vipande viwili, na kila kimoja kina uzito wake. Mwili ni wako. Ridhaa ya upasuaji ni yako, na mashirika ya afya ya kimataifa yamekuwa wazi kwamba mwanamke asilazimishwe kufunga wala asizuiwe na mtu mwingine. Zipo sehemu ambako sheria au hospitali yenyewe bado inadai saini ya mume, basi muulize daktari mnakoishi hali ikoje, usije ukagundua mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ukikaa naye, ukamweleza yote, naye akasema hataki, na wewe bado una hakika, una haki ya kusaini. Hutakuwa umemkosea. Mtakuwa mmeshindwa kukubaliana, na hilo ni jambo la watu wazima linaloonekana na linaloweza kuzungumzwa. Kumficha ni jambo jingine. Unampokonya nafasi ya kujua anaishi ndoa gani, na pengine nafasi ya kukushangaza kwa kukubali. Nasema hivi kwa kuwa katika barua yako sijaona mtu wa kuogopwa. Kama nimekosea, kama kumwambia kutaleta kipigo au kufukuzwa, basi sahau niliyosema juu ya kusema naye, mwambie daktari mkiwa wawili tu, naye ana wajibu wa kukutunzia siri.

Sasa yeye mwenyewe. Lile swali lake la kuhasiwa lilikuwa la mzaha, lakini chini ya mzaha kuna ujinga wa kawaida ambao unastahili dakika tano. Kuhasi ni kuondoa korodani. Vasektomi, yaani kufunga uzazi kwa mwanamume, haiondoi kitu. Ni mirija miwili midogo inayotoka kwenye korodani kupeleka mbegu, inafikiwa kupitia tundu dogo kwenye ngozi, kwa ganzi ya pale pale, inakatwa na kufungwa, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Njia ya kufanya hivyo bila kisu ilibuniwa na daktari wa China, Li Shunqiang, mwaka 1974, na imeenea duniani. Homoni za kiume hupita kwenye damu, hazipiti kwenye mirija ile, kwa hiyo sauti, nguvu, hamu na kusimama vinabaki. Shahawa zinatoka kama kawaida kwa kuwa mbegu ni sehemu ndogo sana ya maji yale. Ila haifanyi kazi siku hiyo: inabidi kutumia kinga nyingine kama miezi mitatu, hadi kipimo kionyeshe mbegu zimekwisha. Wachache hubaki na maumivu ya muda mrefu, asilimia 1 hadi 2.

Nakueleza hayo ujue, maana nitakwambia jambo ambalo halitakufurahisha: usimsukume huko. Ni upasuaji mwepesi na salama kuliko wako, na kama mngekuwa mmekubaliana kuwa mmemaliza ningesema aende yeye, kesho. Lakini mwanamume anayetamani watoto watano akifungwa ili kumridhisha mke aliyenuna, huyo ndiye atakayejuta. Sheria niliyokupa wewe ndiyo niliyompa yeye.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, nisingefunga siku hiyo. Na nisingetoka hospitali mikono mitupu pia, hilo ndilo ningelikazania.

Muulize daktari kuhusu kuwekewa kitanzi palepale mezani. Watu wengi hawajui kwamba inawezekana: mtoto na kondo vikishatoka, kabla mfuko haujashonwa, kitanzi kinawekwa kupitia jeraha lilelile, kwa macho na mikono ya daktari mwenyewe. "Tumbo liko wazi" iliyokuwa hoja ya kufunga ni hoja ya kitanzi vilevile. Kile cha shaba hakina homoni hata kidogo, na kinakaa miaka 10 au zaidi. Utakuwa na 39, mdogo wako huyu atakuwa darasani, na utajua kama lile wazo la "labda baadaye" lilikuwa la kweli au la uchovu. Kwa uwezo wa kuzuia mimba hakiko mbali na kufunga: kati ya wanawake 1,000 wanaokitumia, katika mwaka wa kwanza hushika mimba kama 6 hadi 8; kwa waliofunga ni kama 5. Siku ukitaka kutolewa, kinatolewa, na uwezo wako wa kushika mimba unarudi mara moja.

Kuhusu kupotelea tumboni: mfuko wa uzazi si shimo, hauna mahali pa kukipeleka. Kutoboa ukuta hutokea kwa nadra, kama mwanamke mmoja katika 1,000, na hicho cha wakati wa upasuaji kinawekwa daktari akiona. Kinachotokea zaidi ni kitanzi kutoka chenyewe miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa hiyo kliniki ya wiki sita usiikose, wahakikishe kipo. Nyuzi zake zinaweza zisionekane mapema, wasikutishe, ultrasaundi itakionyesha. Cha shaba kinaweza kuongeza damu ya hedhi na maumivu, hasa miezi ya kwanza. Kama hedhi yako tayari ni nzito, uliza kile cha homoni, ambacho huipunguza na hukaa hadi miaka 8. Homoni yake inafanya kazi zaidi mfukoni humo, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo kuliko cha sindano. Kijiti cha mkononi nacho ni cha uhakika sana na unaweza kuwekewa kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ila kwa jinsi sindano ilivyokutesa na yale matone, ningekiweka mwisho kwenye orodha.

Na mumeo umwambie nini? Usianze na kufunga. Usianze na idadi ya watoto, mtarudi kwenye "tutaona". Mwombe aje nawe kliniki inayofuata, na mkiwa ndani muombe daktari arudie mbele yake alichokwambia kuhusu kovu na kondo. Wanaume wengi husema tutaona kwa sababu wanaogopa kusema naogopa. "We zaa kwanza salama", hayo ni maneno ya mtu aliyekuona ukiongezewa damu. Yeye pia alikuwa pale, upande wa pili wa mlango. Pengine hajawahi kuulizwa aliona nini.

Baada ya hapo mweleze hiki: kwamba huyu wa tatu akizaliwa utawekewa kitanzi, kwamba huombi ruhusa bali unamjulisha, na kwamba mazungumzo ya mtoto wa nne, au ya kufunga moja kwa moja, mtayarudia mdogo akifikisha miaka mitatu au minne. Hapo "tutaona" yake inapata tarehe. Akikubali mapema kuliko ulivyodhani, na wewe ukajikuta huna tena lile wazo la bafuni, fomu unayo, saini. Wala usione umebadilika kinyume na ushauri wangu.

Jambo la mwisho, la haraka lakini muhimu. Uchungu hauheshimu tarehe za madaktari, na kwa mtu mwenye makovu mawili ukianza mapema ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo. Ukifika katika hali hiyo kabla hamjakaa na mumeo, mtu akikuletea fomu ya kufunga kizazi huku unaugulia, usisaini. Uamuzi wa kudumu haufanywi kati ya uchungu na uchungu, na unaweza kubadili mawazo hata kama ulishasaini, hadi dakika ya kuingizwa ndani. Sema "kitanzi tu". Wakikuambia hakipo siku hiyo, sema utarudi kliniki ya wiki sita. Katikati hapo kunyonyesha kunakulinda vizuri, ilimradi mtoto ananyonya maziwa yako tu mchana na usiku, hajafikisha miezi sita, na hedhi haijarudi. Moja kati ya hayo likivunjika, kondomu, hadi uwekewe.

Na kipimo cha wingi wa damu kifanyike kabla ya siku ya kisu, tena waambie mapema kwamba mara iliyopita uliongezewa, ili damu ya kundi lako iwe imeandaliwa. Hilo usimwachie mtu mwingine akumbuke.

Shangazi